Mto Wenye Mdomo na Kitanda

Mwaka 1998 niliingia kidato cha kwanza katika shule ya bweni mbali na kwetu Rufiji. Miaka saba ya msingi tulisoma kila kitu kwa Kiswahili, Kiingereza kikawa somo tu. Sasa hata jiografia ilikuja kwa Kiingereza. Siku moja mwalimu akaandika ubaoni "river", akalizungushia maneno yanayotembea nalo.

Nikakaa vizuri. Nani darasani mle angenifundisha mto? Mimi mtu wa karibu na Utete, nilijua kupiga kasia kabla ya kujua baiskeli.

Akaanza na "river mouth": pale mto unapomwaga maji yake baharini. Mdomo wa kutapika, si wa kunywa. Ikaja "river bed", kitanda cha mto. Jirani yangu wa dawati, mtoto wa Mbagala, akaninong'oneza, "Mto na kitanda vipo, mchago je?" Tukaangua kicheko. Mwalimu akatutaka tueleze kinachochekesha kwa Kiingereza, na huko mto wa kulalia una jina lake jingine kabisa. Tulikula fimbo mbili mbili.

"Bank" nilidhani ni kwa kutunzia fedha tu, kumbe ni ukingo. "Rise" ndiyo iliyonivuruga: mto "rises" ukichimbuka milimani, na mto huohuo "rises" ukijaa. Sisi kuchimbuka ni mbali, kujaa ni mbali.

Mwisho akatupa "burst its banks", mto kufurika kingo zake, na kazi ya kuandika sentensi tano.

Wiki ileile nilikuwa nimepata barua ya baba. Mstari wa kwanza baada ya salamu: "Maji yamekuja." Kwetu yanasemwa hivyo, kama anavyosemwa mgeni. Maji ya masika hushuka na mito ya Kilombero na Luwegu, yakaongezewa na Ruaha, yakatandaa bondeni. Yanaacha tope la rutuba na kujaza mabwawa samaki. Yakipungua, watu hushuka kupanda mahindi ya mlau kwenye unyevu uleule, bila kungoja mvua nyingine. Mwaka ule wa El Nino yalizidi: mpunga wetu mwingi ulizama na mama akahamia dunguni, kibanda cha shambani juu ya nguzo, siku nyingi. Hata hivyo barua haikuwa ya msiba. Baba alitaka kujua shule inafungwa lini, kwa sababu mlau ungekuwa mkubwa na mikono ilikuwa michache.

Basi nikaandika: "The river burst its banks and we were happy."

Mwalimu alipiga mstari mwekundu chini ya "happy". Nikamfuata mezani.

"Mwalimu, kosa ni la sarufi?"

"Sarufi ni sawa. Ila hakuna mtu anayefurahia mafuriko."

Nikasahihisha kwa "unfortunately", nikaongeza "destroyed our crops", nikapata vema. Kwa Kiingereza hakukosea: maneno yale huja na kilio chake, na ukiyatia furaha msomaji atadhani umechanganyikiwa. Nimekitumia Kiingereza miaka mingi tangu hapo, na bado sijapata maneno mawili matatu ya kawaida yanayosema mto umetoka kingoni na watu wanatafuta mbegu.

Mwezi wa sita nilirudi nyumbani. Jioni bibi akaniita.

"Mume wangu, Kizungu umekileta?"

Nikamwambia Wazungu wanasema mto una mdomo.

"Mmoja?" Akahesabu kwa vidole: Msala, Simba Uranga, Kikunja, akaishia njiani. "Na meno, hawakukwambia?"

"Meno gani, bibi?"

"Mamba wote wale! Kesho ukivuka kwenda mlauni usichovye mkono majini."

Asubuhi tulivuka na debe la mbegu. Mikono nimeiweka mapajani.