Jinsi nilivyomnunulia bibi mkanda mwekundu Sugamo

Nilipokuwa nikijiandaa kwenda Tokyo kwa masomo ya mwaka mmoja, bibi yangu anayeishi Lushoto hakuniagiza simu wala saa kama walivyofanya binamu zangu. Alitaka nguo ya kumkinga tumbo na baridi ya Juni na Julai, ile baridi ya milimani ambayo watu wa Dar es Salaam hawaamini kwamba ipo Tanzania, na akanionya nisiinunue kwenye maduka ya vijana kwa sababu vijana huvaa ili waonekane, si ili wapate joto. Kwa miezi miwili ya kwanza sikujua nianzie wapi, maana maduka makubwa yaliyozunguka vituo vya treni yalikuwa hasa ya aina ile aliyonikataza. Hatimaye nilimweleza mwanafunzi mwenzangu Mjapani, naye akacheka, akasema kwamba bibi yake mwenyewe hununua nguo zake za ndani Sugamo na hataki kusikia habari ya mahali pengine.

Sugamo iko upande wa kaskazini wa Tokyo, kwenye reli ya mzunguko ya Yamanote, kwa hiyo kufika si kazi. Kutoka kituoni ni mwendo wa dakika chache kwa miguu hadi kwenye lango la Jizo-dori, mtaa wa maduka wa namna ambayo Wajapani huiita shotengai, yaani barabara nyembamba yenye maduka madogo, mengi yakiwa ya kifamilia, yaliyopangana pande zote mbili, huku wenye maduka wakiwa wameungana katika chama kinachoshughulikia mambo ya mtaa kama vile taa na mapambo. Jizo-dori una urefu wa karibu mita 800 na maduka yapatayo 200. Njia yenyewe ina umri mkubwa kuliko maduka hayo, kwani ni kipande cha Nakasendo, barabara kuu ya zama za Edo iliyounganisha mji wa Edo, ambao sasa ndio Tokyo, na Kyoto kwa kupitia milimani, ikiwa na vituo 69 vya wasafiri. Cha kwanza kilikuwa Itabashi, na Sugamo palikuwa mahali pa kupumzikia kabla ya kufika huko. Siku hizi Wajapani huuita mtaa huu kwa utani Harajuku ya akina bibi, wakiulinganisha na Harajuku yenyewe, ambako vijana huenda kununua mavazi ya mitindo.

Safari yangu ya kwanza ilikuwa bure. Nilikwenda kwa mazoea ya nyumbani, ambako anayetaka kununua vizuri huwahi sokoni alfajiri, na saa mbili na nusu asubuhi nilikuwa nimeshasimama chini ya lango, nikitazama milango ya chuma iliyoteremshwa na mzee mmoja aliyekuwa akifagia mbele ya duka lake bila haraka yoyote. Maduka mengi hufunguliwa kuanzia saa nne na kufungwa mapema jioni. Nilipozunguka hadi saa nne ikafika, niliingia katika duka la chai, nikachagua pakiti, nikatoa kadi ya benki, na muuzaji akapishanisha mikono yake mbele ya kifua, ishara ambayo haikuhitaji mkalimani. Duka lilipokea fedha taslimu tu, na mfukoni nilikuwa na sarafu zisizofika hata yen 300. Niliinama, nikaomba radhi kwa Kijapani changu cha kuchechemea, nikarudi bwenini mikono mitupu.

Mara ya pili nilijiandaa. Nilitoa fedha kwenye mashine ya benki katika duka dogo la 7-Eleven, ambayo hupokea kadi za kigeni kama zifanyavyo mashine za ofisi za posta, kisha nikazivunja noti za yen 10,000 kuwa noti za 1,000, kwa sababu sikutaka kumtaabisha mtu auzaye kitu cha yen 150. Niliandika katika daftari maneno machache niliyoona kwamba sitaweza kuyakwepa: kiasi gani, hiki, kimoja, kikubwa zaidi, na baridi. Nilichukua pia kanga moja, kwani tangu Julai 2020 maduka ya Japani yanapaswa kutoza mifuko ya plastiki, nami sikuona sababu ya kununua mfuko wakati nguo iliyowahi kubeba mchele, kuni na watoto ilikuwa imekunjwa tu sandukuni. Jambo la mwisho lilikuwa kuchagua tarehe. Mwenzangu aliniambia niende tarehe 4, 14 au 24, ambazo ni siku za gulio la hekalu, na nikachagua tarehe 24 Novemba.

Tofauti ilikuwa kubwa. Vibanda vilikuwa vimejaa kandokando ya njia, vikiuza kachumbari za Kijapani zilizolowekwa katika pumba za mchele, samaki wakavu, soksi, bakora, visu na kofia za sufu, na katikati yake mkondo wa wazee ulikuwa ukisogea taratibu, wengine wakisukuma vitoroli vyenye kiti cha kukalia pindi magoti yanapochoka. Nilijaribu kuwapita kwa hatua zangu za kawaida nikaona kwamba haiwezekani bila kumgusa mtu bega, kwa hiyo nilikubali mwendo wao, na hapo ndipo nilipoanza kuona mambo: vibandiko vya bei viliandikwa kwa tarakimu kubwa mno, na wauzaji hawakumharakisha mteja anayehesabu sarafu moja moja. Kila nilipopishana na bibi aliyenitazama, neno shikamoo lilinijia mdomoni lenyewe. Nililimeza, nikasema konnichiwa huku nikiinama chini kidogo kuliko vile wanavyoinamiana vijana, na nadhani maana ilifika, kwa sababu wengi waliniinamia wakicheka.

Wazee hao hawaji kwa ajili ya maduka pekee. Mtaa umechukua jina lake kwa Jizo, mtakatifu wa Kibudha wa hekalu la Kogan-ji, anayeitwa Togenuki, maana yake mchomoa miiba. Hekalu lilianzishwa mwaka 1596 na kuhamia Sugamo mwaka 1891, na simulizi yake mashuhuri inamhusu mtumishi wa kike wa nyumba ya kikabaila aliyemeza sindano. Alinyweshwa maji yenye karatasi ndogo iliyochapwa sura ya Jizo, akatapika, na sindano ikatoka ikiwa imeichoma karatasi hiyo. Sanamu kuu imefichwa na haionyeshwi kwa watu, lakini uani kuna sanamu ya Kannon, mtakatifu mwingine wa Kibudha, ambayo watu huiosha: mtu hununua kitaulo kwa yen 100, humwagia sanamu maji, kisha husugua mahali panapolingana na pale panapomuuma mwenyewe. Zamani walitumia brashi, na uso wa sanamu ya awali ukalika hata ikabidi kuwekwa mpya mwaka 1992, na brashi zikaachwa zikaja taulo. Mimi ni Mlutheri na sikuingia kwenye foleni, lakini nilisimama kando kwa muda mrefu nikitazama jinsi magoti ya sanamu ile yalivyokuwa yakisuguliwa kuliko kiungo kingine chochote. Bibi naye hulalamikia magoti.

Nilipotoka hekaluni nilianza kununua, nikianza na kitu kidogo ili nijipime. Nilisimama kwenye duka la senbei, vile vipande vyembamba na vikavu vya unga wa mchele vilivyochomwa na kupakwa sosi ya soya, nikachukua vitano. Hapo mazoea ya nyumbani yakanishinda, nikaomba nipunguziwe. Bibi muuzaji hakukasirika. Alivuta pumzi kwa meno, akainamisha kichwa upande, akasema neno moja, chotto, akaliacha hewani bila kulimalizia. Baadaye nilifahamu kwamba neno hilo, ambalo maana yake ni kidogo, likiachwa hivyo huwa ni hapana iliyofunikwa kwa heshima. Niliona haya, nikaweka fedha haraka kwenye kisahani kilichokuwa mezani, kwa sababu huko fedha hazipitishwi mkononi bali huwekwa kwenye kisahani na chenji hurudi kwa njia iyo hiyo. Alipokwisha kuzihesabu, akachukua senbei ya sita, akaitia katika mfuko wa karatasi, akasema omake. Neno hilo sikulihitaji kwenye daftari. Ilikuwa nyongeza, ile ile ambayo muuza nyanya wa Lushoto huitupia juu ya fungu baada ya kukataa katakata kushusha bei, na tangu siku hiyo sikumwomba mtu Japani apunguze, ingawa nyongeza nimepewa mara nyingi.

Kuhusu bei liko jambo moja ambalo lingeniokoa aibu nyingine kama ningelijua mapema. Vibandiko vingi huwa na bei mbili, ya kwanza kubwa isiyo na kodi, ya pili ndogo yenye kodi, na macho ya mgeni hukimbilia ile kubwa. Vyakula vya kuchukua hutozwa asilimia 8, na vitu vingine, nguo zikiwamo, hutozwa asilimia 10, kwa hiyo nilikuwa nikitoa fedha pungufu kila mara na kusimamisha watu waliokuwa nyuma yangu.

Duka la nguo nyekundu halikuhitaji kutafutwa, kwani lilionekana kwa mbali kama bendera. Kila kitu ndani yake kilikuwa chekundu: chupi, soksi, fulana, shuka ndogo za kujifunika magoti, na haramaki, mikanda mipana ya kitambaa kinachovutika ambayo Wajapani huvaa tumboni kujikinga na baridi. Wanunuzi huamini kwamba wekundu huo unaokaa karibu na kitovu huupa mwili joto na nguvu, na rangi hiyo hiyo ndiyo anayovishwa mtu anapotimiza miaka 60. Binafsi sidhani kwamba rangi hupasha tumbo moto, lakini kitambaa kilikuwa kizito na kimeshonwa vizuri, na hilo lilinitosha.

Taabu ilikuwa kipimo. Bibi ni mtu wa mwili, na saizi kubwa iliyokuwa rafuni ilionekana kama ya binti wa sekondari. Nilisoma neno la daftarini, kikubwa zaidi, na muuzaji, mama wa makamo ya miaka sabini na kitu, akaniletea nyingine, nikalisoma tena. Akatoka nyuma ya meza, akanitazama nilivyo, akauliza kwa mikono kama mwenye mkanda ni mwembamba kama mimi. Nilifungua mikono yangu nikaizungusha hewani kumwonyesha kiuno cha bibi, na wateja wawili wakaacha kupekua soksi wakaja kushuhudia. Mmoja wao, aliyekuwa na mwili unaofanana na wa bibi, akajipiga tumbo akasema jambo lililowachekesha wote, kisha akakubali kupimwa mkanda juu ya koti lake. Kwa njia hiyo nilipata saizi. Mpaka leo sijui jina la mama yule aliyeazima kiuno chake, na sidhani kwamba katika duka kubwa la kituoni angepatikana mtu wa kunifanyia hisani hiyo.

Nilipofungua kanga ili nifungie vitu vyangu, duka lilisimama kwa mara ya pili. Wajapani nao wana kitambaa cha kufungia vitu, furoshiki, na muuzaji aliichukua kanga kwa mikono miwili, akaifunga kwa fundo ambalo sikuwahi kuliona, lenye mshikio juu yake. Kisha akaonyesha maandishi ya pindoni akitaka kujua yanasemaje. Yalisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Programu ya tafsiri ya simu yangu ilitoa sentensi ambayo kwa nyuso zao naamini ilihusu hospitali.

Kabla ya kuondoka nilinunua shio daifuku, kitafunwa ambacho mtaa huu unajulikana nacho: donge laini la mchele wa kunata uliopondwa, lililojazwa maharage mekundu yenye sukari, na ndani yake chumvi kidogo inayoamsha utamu. Nililila nikiwa nimesimama mbele ya duka, kwa kuwa kula huku unatembea katikati ya watu si adabu, na karatasi yake nikaitia mfukoni kwa sababu mapipa ya taka ni adimu.

Nilirudi kwa njia nyingine. Ukitembea Jizo-dori hadi mwisho unafika Koshinzuka, ambapo hupita tramu ya Arakawa, masalia ya njia za tramu za manispaa zilizowahi kuenea Tokyo. Ilinishusha karibu na bweni langu, penye mtaa mwingine wa maduka ambao milango yake mingi ya chuma haifunguki kamwe. Wajapani wana jina la mitaa ya namna hiyo, barabara za milango iliyofungwa. Sheria ya mwaka 1973 ilikuwa ikiyabana maduka makubwa ili yasiwafukuze wadogo, na ilipoondolewa mwaka 2000 watu walikuwa wameshazoea kununua kwa gari nje ya mji. Nilikuwa nimepita hapo kwa miezi miwili nikidhani kwamba wenye maduka wamekwenda likizo.

Mkanda niliutuma kwa posta, na ulifika kabla ya baridi. Mwezi Julai mama alinipigia simu ya video ili nimwone bibi akiwa barazani, haramaki nyekundu ameivaa juu ya gauni, si ndani, ili majirani waione.

"Aliyekuuzia ana miaka mingapi?" akaniuliza.

"Sabini na kitu, bibi."

"Basi mwambie mdogo wangu namshukuru. Na mwakani aushone mrefu kidogo huku nyuma."