Mnada, harusi na msiba Jumamosi moja: siku yangu kama mtendaji wa kijiji

Matangazo ya ajira ya Mtendaji wa Kijiji huwa na mstari unaosema utakuwa "Mlinzi wa Amani" katika kijiji. Nilipousoma mara ya kwanza, nikiwa bado mwanafunzi wa Chuo cha Serikali za Mitaa Hombolo, nilifikiria wezi wa mifugo na ugomvi wa mipaka ya mashamba. Hakuna mwalimu aliyenidokeza kwamba amani yenyewe, kwa sehemu kubwa, ni suala la sabufa.

Kijiji chetu kipo wilaya ya Chamwino, na barabara kuu ya Dodoma kwenda Iringa inakipasua katikati. Mvua huku ni msimu mmoja tu, kuanzia Desemba hadi Aprili au hapo karibu, kwa hiyo hata starehe ina msimu wake. Uwele na mtama vikishaingia ghalani na alizeti ikishauzwa, watu wanapata fedha na nafasi kwa pamoja. Kuanzia Julai hadi mvua za kwanza ndipo vinapobanana vyote: harusi, kipaimara, ngoma, mikutano ya injili. Jumamosi ninayoisimulia ilikuwa ya Agosti, siku ya mnada, na ilikuwa na harusi ambayo kibali chake nilikipiga muhuri kwa mkono wangu.

Saa 12 na robo asubuhi mwenyekiti wa kitongoji akanipigia. "Mtendaji, mzee wetu ametutoka usiku." Nikampa pole, nikauliza ni nyumba ipi. Akanielekeza, kisha akanyamaza kidogo, na mimi nikanyamaza, maana wote wawili tulikuwa tunahesabu nyumba. Kutoka uani kwa marehemu hadi uani kwa harusi ni nyumba tatu.

Saa 1 na nusu nilikuwa msibani. Kwa wazee huku huingii na "habari za asubuhi" tu, unaanza na "mbukwenyi" yako, unapiga goti kidogo, ndipo poleni zifuate. Kinamama walikwisha kutandika mikeka, vijana wanapasua kuni. Nikaambiwa mazishi ni Jumapili mchana, kijana mkubwa yuko njiani kutoka Dar es Salaam. Hii treni ya SGR, tangu ianze kufika Dodoma mwaka 2024, imebadilisha hata ratiba za misiba. Zamani mtoto wa Dar alingojewa mpaka watu wakachoka kukesha. Siku hizi anafika jioni ile ile, akiwa hajakunja hata shati.

Sikutaja harusi. Mtendaji anayeingia msibani na ajenda mkononi hatasikilizwa tena mwaka mzima. Aliyeitaja ni mdogo wake marehemu, aliponisindikiza hadi njiani. "Mwanangu, sisi hatuzuii mtu kuoa. Ila na sisi kwaya itakuja usiku, na kwaya ina vyombo vyake."

Hapo ndipo wageni wa kazi hii wanapokosea. Wanadhani ugomvi wa kelele ni kati ya wapiga kelele na wapenda kimya. Kijijini kwetu hakuna anayedai kimya. Msiba nao una spika, na kanisa, na msikiti, na mkaanga chipsi wa kituoni naye ana redio. Ugomvi ni wa nyimbo mbili kugongana katika sikio moja, na usiku ule mapambio ya maombolezo yangegongana na singeli.

Saa 3 kasoro nikafungua ofisi. Kisheria si siku ya kazi, lakini siku ya mnada kila mwenye shida ya barua huja mjini kwetu, maana siku hiyo tunajiona mji. Nikaandika barua za utambulisho, moja ya benki, nyingine ya kijana anayefuata kitambulisho cha taifa. Kisha akaingia mchungaji wa kanisa moja changa. Anataka uwanja wa mpira kwa mkutano wa injili wa wiki nzima, mwanzoni mwa Septemba, kuanzia saa 9 alasiri hadi saa 4 usiku.

"Mchungaji, Septemba darasa la saba wana mtihani wa taifa. Uwanja na shule vinatazamana."

"Mtendaji, tutawaombea wafaulu."

Nikacheka, na yeye akacheka, lakini tarehe sikumpa. Mwalimu mkuu alikwisha kuniletea maombi yake mapema: hadi mtihani uishe, hakuna spika upande ule mchana. Tukakubaliana mkutano uanze baada ya mtihani, spika zigeukie mashambani, na nakala ya barua iende polisi. Kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo zipo tangu 2015, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira, na zinapima sauti kwa desibeli. Ofisini kwangu hakuna kipimo cha desibeli. Kuna kabati, meza, muhuri na ramani ya kijiji iliyoliwa na mchwa upande wa mashariki. Kwa hiyo mimi napima kwa mahali, kwa saa, na kwa upande spika ilikoelekea. Hayo matatu mtu yeyote anaweza kuyaona kwa macho, na hakuna wa kuyabishia mbele ya mkutano.

Saa 4 na nusu nikashuka mnadani, na huko ndiko asubuhi yangu yote iliishia.

Fedha za mnada zinakwenda halmashauri ya wilaya. Vumbi linabaki kwetu. Ng'ombe wanafika kwa miguu tangu alfajiri kutoka vitongojini na vijiji vya ndani, mbuzi wanaletwa wamebanwa kwenye bodaboda, wanunuzi wanakuja na malori. Malori hayo yanatakiwa kuingia eneo la nyuma ya mibuyu, lakini dereva akiona mchanga anaogopa kunasa, basi anaegesha palepale kando ya lami, mkia ukibaki barabarani. Mwenye nyanya naye anatandika ndoo zake kwenye kivuli cha lori. Mteja anasimama kwenye lami kupatana bei. Na lami hiyo hiyo ndiyo ya mabasi ya Arusha kwenda Mbeya, na pikapu za samaki wa Mtera zinazokimbizana na jua.

Watu hunilaumu kwa nini siwekei matuta. Barabara kuu ni ya TANROADS, wakala wa barabara wa serikali kuu, na hifadhi yake kwa Sheria ya Barabara ya 2007 ni mita 30 kila upande kutoka katikati. Kijiji hakina ruhusa ya kuweka hata jiwe humo. Njia za ndani zilizo chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, nazo zina mwenyewe. Ninachoweza ni kuandika barua kupitia kata na wilaya, kukumbushia, na kupiga picha ya kuambatanisha. Barua ya matuta ipo njiani. Imekuwa njiani muda ambao kwa mguu ingekwisha kufika.

Mpaka matuta yaje, tuna watu. Mgambo wawili, na vijana wa kijiwe cha bodaboda. Kuwatumia bodaboda kulizua maneno kwenye halmashauri ya kijiji, wajumbe wakisema hao ndio vurugu yenyewe. Mimi naona mtu anayeishi kwa barabara ndiye anayeisoma vizuri. Tulikubaliana hivi: wao wanapewa maegesho ya uhakika kwenye njia panda siku ya mnada, na badala yake wawili wawili wanasimama kila upande kuzuia mifugo basi linapokuja. Mwenyekiti wao wa kijiwe ana filimbi ya refa, na anaipenda kuliko pikipiki yake.

Siku hiyo filimbi ilifanya kazi. Kundi la mbuzi lilikuwa limeanza kukatiza, basi likatokea kwenye kona likiwa na mwendo usiolingana kabisa na kibao cha 50. Kijana akapuliza, mchungaji wa mbuzi akarusha fimbo mbele ya beberu la kwanza, kundi likageuka. Basi likapita na honi ndefu. Mbuzi mmoja tu alivuka, akasimama upande wa pili akitutazama.

Nikaenda moja kwa moja kwenye lori lililokuwa limeziba kona. Dereva alikuwa amelala. "Kaka, amka, ingia nyuma ya mibuyu." Akaniuliza mimi ni trafiki? Nikamwambia hapana, ni mtendaji, na afisa mifugo atakayekuandikia kibali cha kusafirisha hao ng'ombe kakaa meza moja na mimi, kule nyuma ya mibuyu. Akawasha gari. Huo si mkono wa sheria, ni mpangilio wa meza tu, lakini tangu tuihamishe meza hiyo malori mengi yanaingia yenyewe.

Saa 7 na nusu nikala ugali wa uwele na mlenda kwa mama lishe, kwa haraka, simu sikioni.

Saa 8 tukakaa ofisini: kamati ya harusi, mdogo wake marehemu, mwenyekiti wa kitongoji, dijei aliyetoka Dodoma mjini na vyombo vyake, na mwenyekiti wa kijiji. Mwenyekiti wa kijiji ni baba mdogo wa bwana harusi. Kila mtu alijua, hakuna aliyesema, kwa hiyo nikasema mimi: "Mwenyekiti, leo wewe ni mzazi. Naomba kikao kiongozwe na mwenyekiti wa kitongoji." Alinikazia macho, kisha akavuta kiti akakaa upande wa kamati. Nilimheshimu sana kwa hilo.

Katibu wa kamati akatoa kibali. Muhuri wangu, sahihi yangu, hadi saa 6 usiku, na risiti ya mashine. "Tumelipia, Mtendaji. Wageni wamefika, pilau ipo jikoni. Harusi haiahirishwi kama mechi."

Hakuna aliyetaka iahirishwe. Mdogo wake marehemu alisema neno moja: sherehe iendelee, ila mziki usiingie uani kwao. Nikapendekeza turubai lihamie uwanja wa mpira, kule kule nilikomnyima mchungaji, maana Jumamosi usiku hakuna mwanafunzi. Dijei akadai nyongeza ya kuhamisha vyombo na mafuta ya jenereta, kwa kuwa uwanjani hakuna umeme. Kamati wakasema bajeti imefungwa. Hapo tulikwama zaidi ya nusu saa. Watu walikuwa tayari kuvumiliana katika kila jambo isipokuwa nani alipe mafuta.

Mwishoni mwenyekiti wa kijiji akatoa fedha ya mafuta mfukoni mwake, kama mzazi, akasisitiza iandikwe hivyo. Dijei akapunguza madai yake ya kuhamisha. Saa ya kufunga ikarudi nyuma, kutoka saa 6 hadi saa 4 usiku, na spika zikaelekezwa magharibi, kwenye mashamba yaliyovunwa. Wazee wa upande wa harusi wakasema wataanza kwa kwenda kuhani wakiwa na unga na sukari, kabla ya mgeni yeyote kukaa. Hilo halikuwa pendekezo langu na halikuingia kwenye muhtasari, lakini ndilo lililoulainisha uso wa yule mzee.

Likabaki suala la msafara. Harusi zetu bila matarumbeta juu ya pikapu na bodaboda ishirini zinazopiga honi hazijakamilika. Kutoka kanisani, njia fupi inapita mlangoni kwa marehemu. Njia ndefu inatokea lami, ambako vijana hupenda kukaa kwenye kingo za pikapu huku miguu ikining'inia nje. Nikampigia polisi kata. Anahudumia kata nzima na siku ya mnada anavutwa kila upande, lakini aliahidi kusimama lami saa 11. Sharti lake: wapiga tarumbeta wakae ndani ya bodi. Wakakaa. Walilalamika sauti haitoki vizuri, na kweli ilipungua. Sikuona ubaya.

Saa 11 na dakika kadhaa msafara ukapita njia ndefu. Nilisimama kwenye njia ya msibani kuhakikisha hakuna bodaboda anayechepuka. Wawili walijaribu. Mmoja alizima pikipiki mwenyewe alipoona mikeka, akaisukuma kwa mikono hadi mbele.

Jioni ilienda vizuri kuliko nilivyotarajia, mpaka saa 4 ilipofika. Mshereheshaji akatangaza "wimbo wa mwisho", na kila aliyewahi kuhudhuria harusi Tanzania anajua wimbo wa mwisho una ndugu. Baada ya ndugu wa tatu nikaenda kwa dijei. Sikumwonyesha kibali. Nikamwonyesha kina mama watano wa Kigogo waliokuwa wamekaa na ngoma zao za muheme tangu saa 2 wakingoja nafasi ambayo hawakupewa. "Zima, waache wao wafunge." Akazima jenereta. Wakapiga dakika chache, bila umeme, watu wakacheza wakielekea makwao. Kutoka msibani kwaya ilisikika waziwazi, na hakuna aliyekuwa na neno.

Saa 5 na nusu usiku niliandika ajenda ya kikao cha halmashauri ya kijiji cha mwezi. Kwanza, kukumbushia barua ya matuta. Pili, kurekebisha utaratibu wa vibali: fomu yetu inauliza jina la mwombaji, aina ya sherehe na kiasi kilicholipwa, lakini haiulizi jirani ni nani. Napendekeza kila mwombaji alete sahihi za majirani watatu, na kibali kitaje kwamba msiba ukitokea karibu, sherehe inahamia uwanjani na gharama inajulikana mapema ni ya nani. Ikiwa sheria ndogo, itabidi ipite kwanza halmashauri ya kijiji, iende mkutano mkuu, kisha baraza la madiwani liidhinishe. Ni safari, lakini tofauti na ile ya matuta, hatua mbili za mwanzo zipo mikononi mwetu.

Nikamtumia mwenyekiti kwa WhatsApp kabla sijalala. Alikuwa macho. "Watatu ni wengi, Mtendaji. Andika wawili. Na hilo la mafuta liandike kwa wino mzito."

Nikaandika watatu. Akitaka kupunguza, ana kikao kizima cha kujenga hoja.