Celica yangu ya 2001
Jamani hii gari yangu Toyota Celica naipenda, niliinunua kwa bei ya kutupa na bado inadunda, injini ni ile 1ZZ ya lita 1.8 inayotumia cheni ya taimingi (ile inayofanya vali za injini zifunguke kwa wakati wake) sio mkanda, kwa hiyo mambo ya kubadilisha mkanda kila baada ya kilomita kadhaa mi siyajui. Asubuhi nageuza ufunguo mara moja tu, imewaka. Kila Jumamosi nachomoa stiki ya oili naifuta na kitambaa naangalia, ikipungua naongeza, hapo sifanyi mchezo kabisa. Siti za nyuma mtu mzima hakai vizuri, kweli. Ila ukiingia kona na gia namba tatu, usukani mwepesi, gari iko chini imeshika barabara, we acha tu!