Kasha la fedha ndogo na vikaratasi vyake

Mwaka wangu wa kwanza kazini, katika halmashauri moja ya huku Kaskazini, nilikabidhiwa kasha la chuma na karani aliyekuwa anakwenda likizo. Masurufu ya kudumu ya idara yetu, yaani kiasi kilichoidhinishwa kukaa ndani ya kasha kwa matumizi madogo, yalikuwa Sh. 300,000. Ndani nilikuta noti za Sh. 84,000, stakabadhi za Sh. 131,000, na vikaratasi vitatu vilivyokunjwa, kila kimoja kikiwa na jina la mtumishi, kiasi alichochukua na maneno "nitarudisha mshahara ukitoka". Vikaratasi vile vilikuwa vya Sh. 85,000. Nilijumlisha mara mbili, hesabu ikalingana hadi shilingi ya mwisho, nami nikasaini. Miezi miwili baadaye mmoja wa wale watatu alihamishwa, na Sh. 40,000 zake zikakatwa kwenye mshahara wangu, kwa sababu aliyesaini kupokea kasha nilikuwa mimi.

Sasa nimestaafu, naishi hapa Moshi, na bado naamini kwamba udhibiti wote wa fedha za matumizi madogo umejengwa juu ya kanuni moja: saa yoyote kasha likifunguliwa, fedha taslimu zilizomo pamoja na stakabadhi halali lazima ziwe sawa na kiasi kilichoidhinishwa. Kikaratasi cha mkopo si stakabadhi, hata kiwe na saini ya mkuu wa idara. Nasisitiza neno "halali" kwa kuwa hapo ndipo watu wema huteleza. Hakuna aliyekusudia kuiba, kila mmoja alikuwa na mgonjwa au karo ya mtoto, na karani kijana hawezi kwa urahisi kumkatalia mtu mzima ambaye yeye humwamkia shikamoo kila asubuhi.

Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Sura ya 290, pamoja na Memoranda ya Fedha ya mwaka 2009, zimeweka wazi kwamba Mkurugenzi ndiye Afisa Masuuli, yaani anayewajibika kwa fedha zote za halmashauri, na kwamba Mweka Hazina ndiye msimamizi wa hesabu. Malipo makubwa siku hizi yanapitia Mfumo wa Ulipaji Serikalini, MUSE, na fedha huingia moja kwa moja kwenye akaunti ya anayelipwa. Hayo ni maendeleo ninayoyafurahia. Hata hivyo, bodaboda wa kupeleka barua kata ya mlimani, fundi wa kitasa, maji ya kunywa ya kikao na kopi za dharura umeme ukikatika ofisini vinaendelea kudai noti mkononi, na noti hizo ndizo zisizoonekana kwenye mfumo wowote.

Kasha lisipojazwa kwa wakati, hatari yake ni kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Mtendaji anayekusanya ushuru sokoni, akiwa hana hata nauli ya kufuatilia kazi, hujaribiwa kutumia makusanyo kabla hayajafika benki. Tunaziita fedha mbichi, na kuzitumia ni kosa hata kama kila shilingi imenunua kitu cha ofisi. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu zimetaja mara nyingi mapato yasiyopelekwa benki na masurufu yasiyorejeshwa. Ndiyo maana sikubaliani na wanaotaka saini za kuidhinisha kujaza kasha ziongezwe kutoka mbili hadi tano. Saini nyingi huchelewesha kujaza kasha, na kuchelewa huko ndiko kunakozaa fedha mbichi. Heri kiasi kiwe kidogo, kijazwe upesi kwa kuonyesha stakabadhi, na kihesabiwe ghafla na mtu asiyekuwa na ufunguo wake.

Kuhesabu huko kwa ghafla huchukua dakika kumi. Mkaguzi wa Ndani huingia bila taarifa, karani humwaga fedha mezani, wawili huhesabu pamoja, kila mmoja akiona, kisha husaini karatasi yenye tarehe na saa. Kwa manunuzi ya soko la Mbuyuni au kwa mama lishe, ambako mashine ya risiti ya EFD huwa haipo, muuzaji huandika jina, alichouza na kiasi, naye husaini au huweka dole gumba, na mtumishi wa pili hushuhudia.

Nilipoondoka ofisi ile, nilikataa kukabidhi ufunguo hadi kila aliyekopa arudishe. Mwenzangu mmoja, niliyemheshimu sana, hakunisemesha wiki nzima. Kijana aliyenipokea alihesabu mbele yangu noti na sarafu za Sh. 212,500 na stakabadhi za Sh. 87,500, akakung'uta kasha kuona kama kuna kikaratasi kilichobaki chini, halafu akasaini.