Makumbusho wapo?

Tarehe 2 Aprili, Siku ya Usonji Duniani, binti yangu karudi na karatasi ya shule. Juu wameandika ya kusema: mtu mwenye usonji, mtu mwenye ulemavu. Chini yaliyokatazwa: taahira, zezeta, "mgonjwa wa usonji". Kayasoma yote kwa sauti, kisha akaniuliza, "Mama, zamani mlikuwa mnamwitaje Mjomba?"

Zamani neno usonji lenyewe lilikuwa halijafika kwetu. Kadi ya hospitali iliandikwa mtindio wa ubongo, ambao ni kitu kingine kabisa, na majirani walikuwa na yao. Nikakumbuka daladala.

Tumepandia Mwenge, gari limeshona. Mdogo wangu siku hizo alikuwa anarudia neno la mwisho la kila alichosikia, ndiyo ilikuwa namna yake ya kuongea. Konda akaita, "Bamaga wapo?"

"Wapo!"

Dereva akasimama. Hakushuka mtu. "Sayansi wapo?" "Wapo!" Akasimama tena, hakushuka mtu, abiria wakaanza kufyonya. Tulipokaribia Makumbusho ikawa vilevile, na mzee mmoja aliyening'inia kwenye bomba akasema, tena kwa huruma kabisa, "Mwacheni jamani, zezeta huyo."

Mama alikuwa amepakata kiroba cha mchele. Akageuka taratibu, akaweka mtandio sawa. "Shikamoo, baba. Huyu ana jina, na masikio anayo. Muulize."

Mzee hakuuliza. Aliyeuliza ni konda, huku anachezesha sarafu mkononi: "Dogo, unaitwa nani?" Mdogo wangu akaziba masikio. Konda akamtazama, akaitazama mikono yake mwenyewe, akazifumba zile sarafu. Akauliza upya, polepole.

"Makumbusho."

Gari zima likaangua kicheko. Mama naye mdomo ulimcheza, ingawa alikataa katakata tulipofika nyumbani.

Tangu hapo kwa yule konda akawa Makumbusho. "Makumbusho, njoo dirishani." Na kila akitufikia, sarafu zilikuwa kimya.

Miaka ikapita, ikaja Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010, tukakaa mbele ya ofisa aliyejua kusema "mtu mwenye ulemavu" bila kujikwaa hata mara moja. Mdogo wangu ameketi hapo hapo, mtu mzima na ndevu zake, ofisa akamgeukia Mama: "Huyu anaelewa?"

Karatasi ya binti yangu naiunga mkono, zezeta ni neno tulilokuwa tukitupiwa pamoja na mawe. Ila konda yule sijui ningemweka upande gani wa karatasi. Jina lile Mama hakulipenda hata siku moja. Lakini pale kituoni aliacha magari mawili matatu yapite, tena yenye viti vitupu, akisubiri la konda wake.