Siku Moja Maishani Mwangu: Mpangaji wa Msimu wa Opera

Saa 2 asubuhi. Barua pepe za mawakala wa waimbaji. Msimu ujao tuna opera tatu: Carmen ya Bizet, Die Zauberflöte ya Mozart na Turandot ya Puccini. Mwakilishi wa tenori mmoja (mwimbaji wa kiume wa sauti ya juu) anataka tarehe zisogezwe mbele. Haziwezi kusogea, na nimemwandikia hivyo kwa adabu zote.

Saa 3 na nusu. Kalenda, na hapa ndipo nitakapokaa hadi mchana. Wengi hudhani msimu hupangwa kwa kuangalia watazamaji wanapenda nini. Mimi napanga kwa kuangalia makoo. Mwimbaji wa opera kwa kawaida hatumii kipaza sauti. Sauti yake lazima ipenye okestra nzima imfikie aliyekaa kiti cha nyuma kabisa. Aliyeimba Turandot leo, kesho namwacha anyamaze. Usiku huo unakuwa wa mwimbaji mwingine, Malkia wa Usiku katika Die Zauberflöte, ambaye ana aria (nyimbo za mwimbaji mmoja) mbili tu, lakini ile ya pili inapanda hadi noti F ya juu kabisa, na wanaoifika bila kupepesuka ni wachache.

Kwaya ndiyo inayoniumiza kichwa. Carmen na Turandot zote zinadai kwaya kubwa pamoja na watoto, na kwaya yetu ni hiyo hiyo moja. Nimezitenganisha. Tatizo lililobaki ni watoto wa Carmen: wanaimba tendo la kwanza, kisha wanahitajika tena tendo la nne, usiku umeshaingia. Nani atakaa nao nyuma ya jukwaa muda wote huo? Bado natafuta.

Saa 7 mchana, mkutano kuhusu mwisho wa Turandot. Puccini alifariki mwaka 1924 kabla hajaimaliza. Mtunzi mwenzake Franco Alfano akaikamilisha, na ilipozinduliwa La Scala, jumba la opera la Milano, mwaka 1926, kiongozi wa okestra Toscanini aliisimamisha pale kalamu ya Puccini ilipoishia. Mwaka 2002 ukasikika mwisho mwingine, wa mtunzi Luciano Berio, mtulivu zaidi. Mwongozaji wetu anautaka huo. Mimi niko upande wa Alfano: kwaya inapoirudisha ile melodia ya "Nessun dorma", aria maarufu ya tenori katika opera hiyo, mwishoni, ukumbi mzima husisimka, na sioni aibu kuuza tiketi kwa msisimko. Tulibishana sana. Alfano amepita.

Saa 10, karakana ya mandhari. Ngazi za ikulu zimekuwa nzito mno, zitapunguzwa.

Saa 11 jioni, manukuu ya tafsiri yanayoonyeshwa juu ya jukwaa. Mtafsiri ameweka mzaha wa Papageno, mchekeshaji wa Die Zauberflöte, wote kwenye mstari mmoja, kwa hiyo watu watacheka kabla mwimbaji hajafungua kinywa. Nimemwomba aukate vipande viwili, cha pili kitokee pamoja na noti ya mwisho.