Usingizi wa mchana kando ya Ziwa Disney

Machi 2023 Bibi alitoka Tanga kuja kututembelea Brussels. Mjukuu wake mkubwa alikuwa na miaka minne na nusu, mdogo miwili na miezi mitatu. Tukakata safari ya Disneyland Paris, bustani kubwa ya michezo nchini Ufaransa, kulala mbili, sote watano chumba kimoja. Siku ninayoikumbuka saa kwa saa ni ya pili, ile aliyoipanga Bibi.

Ya kwanza tuliiharibu wenyewe. Treni ya kasi kutoka Brussels Midi inafika Marne-la-Vallée Chessy chini ya saa mbili, bila kupita katikati ya Paris, na ukitoka kituoni malango ya bustani yako dakika chache tu kwa miguu. Tiketi zinazouzwa pamoja na chumba zinaanza kazi siku ya kufika na kuisha siku ya kuondoka, kwa hiyo kulala mbili ni siku tatu za bustani. Chumba lakini hupewi mpaka saa tisa alasiri. Tuliweka mabegi stoo ya hoteli, haitozwi kitu, tukakimbilia langoni. Suruali za kubadili na pampasi tukaziacha ndani ya begi kubwa. Mvua ya Machi ilipomlowesha mdogo saa saba mchana, nguo kavu zilikuwa hotelini, upande wa pili wa ziwa.

Kosa la pili lilikuwa la kipimo. Big Thunder Mountain, treni ya mgodini inayokwenda kasi, inataka mtoto awe na urefu wa mita 1.02. Nyumbani tulimpima mkubwa ukutani asubuhi, akiwa amevaa buti za baridi, akafika 1.02 kamili, na wiki nzima tukamwimbia habari za hiyo treni. Tulipofika kwenye foleni ilikuwa saa kumi alasiri, na mguuni alikuwa na raba. Kichwa hakikugusa kijiti cha kipimo. Mwili wa mtu hupungua karibu sentimita moja tangu anapoamka mpaka jioni, kwa sababu uti wa mgongo unajibana kwa uzito, na soli ya raba si soli ya buti. Mfanyakazi wa pale alimpima mara mbili kwa upole, akatikisa kichwa. Alifanya sawasawa, kwani kizuizi cha kiti hakikutengenezewa kiwiliwili kifupi kuliko hicho. Mpimeni mtoto jioni akiwa na viatu atakavyovaa siku hiyo, na ikiwa amefika kwa nywele tu, msimtajie kabisa. Wetu alijitupa chini palepale. Mdogo, aliyekuwa amesinzia dakika ishirini na tano tu ndani ya kigari chake cha kusukumwa, akaamka akamsaidia kulia. Saa kumi na mbili jioni tulikuwa tunarudi hotelini, na onyesho la usiku hatukuliona.

Hoteli yetu ilikuwa Cheyenne, yenye vyumba elfu moja, iliyojengwa kama mji wa wachunga ng'ombe wa Marekani ya zamani. Tuliichagua kwa sababu bei yake ilikuwa chini kuliko za hoteli zilizo ukingoni mwa ziwa, na chumba kinachukua watu wanne na mtoto wa chini ya miaka mitatu kwenye kitanda chake kidogo. Huyo wa chini ya mitatu halipiwi tiketi ya bustani. Kitanda chake lakini kiombeni mnapoweka nafasi, msisubiri kufika usiku na mtoto begani. Jengo letu lilikuwa na orofa moja juu na ngazi tupu, kwa hiyo tulikuwa tumeomba chumba cha chini kwa ajili ya magoti ya Bibi na kigari.

Ndani kulikuwa na kitanda kikubwa na dabodeka. Watoto huiona dabodeka wakadhani ni yao, na hapo ndipo ugomvi huanza. Kitanda cha juu hakimfai mtoto wa chini ya miaka sita. Usingizini anaweza kupenya kwenye ukingo, na akiamka gizani hajui kushuka ngazi. Tuligawana hivi: Bibi na mkubwa kitanda kikubwa, mimi dabodeka ya chini, mume wangu ya juu, mdogo kwenye kitanda chake, tukikisogeza mbali na dirisha na waya wa taa. Khanga moja ya Bibi tuliibana juu ya pazia kwa vibanio vya nguo, maana taa za nje hupenya pembeni. Kopo la chooni tulikuja nalo, jamani, msilisahau.

Usiku ule Bibi aliwaogesha wajukuu, akawapaka mafuta, hakusema kitu. Walipolala akamgeukia mume wangu. "Baba, kesho hawa watalala mchana. Kitandani."

"Mama, tukirudi hotelini tutapoteza saa tatu."

"Leo mmepoteza ngapi?"

Tuliamka saa kumi na mbili na robo. Wageni wa hoteli za Disney wanaingia bustanini saa mbili na nusu, na wengine wote saa tatu na nusu. Ile saa moja ndiyo mali ya kwanza mnayoinunua pamoja na chumba, na inapotea kirahisi mno kwa kutafuta soksi. Nguo za watoto tulizipanga sakafuni tangu usiku, kila mtoto na fungu lake. Kifungua kinywa kina zamu, nasi tulichukua ya saa moja, ya mwanzo. Kwenye bufee nyama ya nguruwe iliyokatwa nyembamba ilikaa jirani na jibini, kwa hiyo Bibi alishika mayai, mkate na matunda. Unga wa ulezi tulikuwa nao. Tuliomba maji ya moto mgahawani, tukayatia kwenye chupa ya chai. Hatukuhitaji kuupika, kwani ulezi tulikuwa tumeukaanga na kuusaga nyumbani, ukawa wa kukorogwa tu: vijiko vinne kwa kikombe, maziwa juu. Mtoto aliyeshiba uji hadai biskuti kwenye foleni ya kwanza.

Saa mbili kasorobo tulikuwa njiani. Basi la hoteli ni la bure, ila kigari lazima kikunjwe, na asubuhi watu hujazana kituoni. Kwa miguu unafuata kijito wanachokiita Rio Grande, unalizunguka Ziwa Disney, unapita Disney Village, mtaa wa maduka na migahawa. Mtu mzima dakika ishirini, sisi karibu thelathini. Ongezeni ukaguzi wa mabegi.

Tulikwenda moja kwa moja kwenye chombo cha kupanda cha Peter Pan. Chombo hiki kina foleni kutwa nzima na sababu yake ni rahisi: ni vijimashua vinavyoning'inia darini, kila kimoja kinabeba watu wachache, na hakuna sharti la urefu, kwa hiyo kila familia yenye mtoto mdogo inakitaka. Baada yake Dumbo, tembo wanaozunguka hewani, ambako mtoto mwenyewe anashika wenzo wa kumpandisha na kumshusha tembo wake. Saa tatu na nusu umati wa lango kuu ulipoingia, sisi vyote viwili tulikuwa tumevimaliza. Tulipopita tena kabla ya kutoka, ubao wa Peter Pan ulisoma dakika sabini za kusubiri.

Vigari haviingii kwenye foleni. Vinaachwa nje, na wafanyakazi huvipanga upya kila mara, kwa hiyo unatoka unakuta chako hakipo ulipokiacha, na kati ya vigari mia vyeusi hukijui. Bibi alikuwa amefunga leso nyekundu kwenye mpini, na tulikiona kwa mbali kila mara. Ndani ya foleni alimbeba mdogo kwa mbeleko mgongoni, mikono yake ikabaki huru, na mtoto akawa juu, anaona watu badala ya kuona magoti. Wazazi waliokuwa karibu yetu walibadilishana mtoto mkononi kila dakika tatu.

Kosa la asubuhi ile lilikuwa moja. Tuliingia kwa Theluji Nyeupe (Snow White) tukidhani ni hadithi ya watoto. Ni giza, na mchawi anatokeza ghafla. Mdogo alijificha shingoni kwangu mpaka mwisho. Ajabu ni kwamba joka lililo pangoni chini ya kasri, lenye urefu wa mita 27, linalonguruma na kutoa moshi, hakuliogopa hata kidogo. Pale unasimama mwenyewe, unasogea au unarudi nyuma utakavyo. Kwenye kigari cha relini huwezi kutoka. Tangu hapo ndicho kipimo chetu cha chombo cha giza: mtoto anaweza kuondoka akitaka?

Saa tano na nusu Bibi alisema twende. Watoto walikuwa wanacheka, na sisi tulitaka kimoja zaidi, treni ya Casey Jr. "Hapana," akasema, "wakianza kulia tumechelewa." Alikuwa sahihi kwa sababu ya kigari. Mtoto aliyechoka ukimweka kwenye kigari saa sita anasinzia ndani ya dakika tano. Ukifika mlangoni baada ya dakika ishirini unamtoa, anaamka, na usingizi ule mfupi umeshamwondolea uchovu wa kutosha kumlaza tena. Unabaki na mtoto asiyelala wala asiyekuwa macho. Tulitoka mapema, mdogo akatembea nusu ya njia akiwahesabu bata wa ziwani, akapewa kipande cha chapati kila alipopepesa macho. Chapati tulizikaanga Brussels kumi na mbili, zikafungwa kwenye foili. Chakula kidogo cha mkononi unaruhusiwa kuingia nacho.

Chumbani pazia, khanga juu yake, viatu nje ya kitanda, maziwa. Walilala saa saba kasoro dakika kumi, wakaamka saa tisa na dakika ishirini. Mume wangu naye alilala, juu kule, na viatu vyake. Saa tatu alizohofia kupoteza zilikuwa saa za foleni ndefu kuliko zote za siku, na mvua ilinyesha muda wote huo.

Tuliporudi saa kumi, Casey Jr. tulisubiri robo saa. Mkubwa aliikuta treni ya kimo chake, akapanda ndani ya behewa lenye umbo la kizimba cha simba, na Big Thunder hakuitaja tena. Gwaride tulilitazama tumekaa ukingoni mwa barabara juu ya khanga, nusu saa kabla ili watoto wawe mbele, kila mmoja na soksi kavu kutoka kwenye begi la mgongoni. Saa ya kufunga, taa zilipoanza kucheza juu ya kasri, wote wawili walikuwa macho. Tulisimama nyuma, karibu na njia ya kutokea, kwa sababu onyesho likiisha bustani nzima huondoka kwa mara moja na foleni ya basi inakuwa ndefu kuliko ya Peter Pan. Tulirudi kwa miguu. Mdogo alilala mbelekoni kwenye ukingo wa ziwa, Bibi akaendelea kumwimbia hata baada ya kujua amelala.

Siku ya tatu chumba kilitakiwa saa tano asubuhi. Mabegi yalirudi stoo, safari hii pampasi nne, suruali mbili na unga wa ulezi vikabaki mgongoni mwangu. Treni ya kurudi ilikuwa saa kumi na moja jioni, na leso nyekundu ilibaki kwenye mpini wa kigari mpaka Brussels.